Mbio za Watoto wa Avenyu Yetu

Komini Mikelenge,
Kindu, Maniema.
Tarehe 12 Oktoba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Soudi,

Asalam aleikum, wewe na mke wako Victorine na wote wa nyumba yenu huko Lubumbashi. Mumeamkaje? Baridi imepungua? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua tangu ulipoanza kubeba mifuko ya simenti, umepona ama ungali unaunyamazia tu kama kawaida yako? Mwambie Victorine akukande kwa maji ya moto na chumvi. Usijifanye chuma, weye.

Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Uzima wenyewe ni ule wa kuamka na kusimama, lakini tunashukuru. Leo nimetoka shamba la Alunguli, nimevuka mto kwa mtumbwi na mihogo kichwani, nimepanda kilima mpaka nyumbani, nimetua mzigo, nimekaa. Na nikikaa siku hizi, kusimama tena ni kazi nyingine. Magoti yananilia kama ya mwanamke aliyenizidi miaka ishirini. Lakini Youssouf, yule mwuza vitenge, anapanda ndege kesho kutwa, na amekubali kunibebea barua hii pamoja na furushi la samaki wakavu. Samaki ni wa Victorine. Usiwaguse kabla hajawaona.

Utaniuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu ipo, Soudi, lakini nyumba yangu unaijua, chumba na sebule basi, na binti yako Zawadi ana masikio. Ukipiga tu anasogea karibu yangu anasikiliza. Kuna mambo nataka kukuambia asiyasikie, hasa yale ya kukukasirikia. Kwa hiyo nitakuandikia yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana wewe umeyapata vipande vipande kwa midomo ya watu.

Zawadi alipofika kwangu mwezi wa nne, kutoka Bukavu kwa nyanya yake, mama wa Victorine, kwa pikipiki na miguu na Mungu anajua nini kingine, nilifikiri ni uchovu wa safari. Nikamwacha alale. Akalala. Akaamka, akakaa ukutani chini ya dirisha, magoti kifuani. Siku ya kwanza nikasema apumzike. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mutoto yuko pale pale ukutani. Ukimtuma chumvi hapo kwa jirani anakuangalia tu. Chooni anakwenda akishika ukuta. Mlango wa jirani ukijibamiza, unamkuta uvunguni mwa kitanda.

Hakuwa anakataa, Soudi, hilo nataka ulijue. Huyu mutoto ana adabu kuliko wewe ulivyokuwa. Aliniambia polepole kwamba kule Bukavu, siku risasi zilipokuwa zinalia, nyanya yake aliwaweka chini akawaambia wasitikisike hata kidole. Basi hajatikisika. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba sasa inatosha.

Nikampeleka kwa munganga Florentin kwenye kituo cha afya. Akamkunja miguu, akamkunjua, akamgonga goti. Akasema mifupa iko mizima, nyama za miguu njo zimelegea kwa kukaa. Nikangoja aandike dawa, hakuandika. Akasema, "Mama, huyu anahitaji kucheza na wenzake. Wenzake, nimesema. Usimtoe peke yake umwambie kimbia, atakuona adui." Kisha akaita mtu mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu na yeye mwenyewe macho yamemwingia ndani kwa kuchoka.

Nikarudi nyumbani nikiwaza: wenzake gani? Angalia avenyu yetu, ndugu yangu. Umeshaona mutoto anakimbia kwenye avenyu yetu? Fikiri vizuri. Wanakaa barazani kama wazee wa baraza la kesi, wanane juu ya simu moja, wanaangalia watu wengine wanavyocheza mpira Ulaya. Onema, yule wa jirani yangu, ana miaka kumi na moja tu, na akipanda kutoka mtoni anahema kama anasukuma gari.

Na si uvivu wao. Ni sisi. Wewe ulikuwa mdogo, unashika nguo yangu nyuma kila niendapo, sijui unakumbuka kiasi gani. Ile miaka ya kufungiwa mjini, watu wa msituni wako huko nje, askari wako huku ndani, shamba hakuna, treni hakuna, chumvi tunaipima kwa ncha ya kijiko. Siku moja saa za alasiri Bulaimu wetu alikuwa anacheza mpira wa mifuko ya plastiki. Mpira ukateremka kwenye kilima, naye akateremka nao mbio, anacheka. Mwanamke mmoja akaona mutoto anakimbia. Hakuuliza. Akabeba wake akakimbia. Mwingine akamwona huyo. Mara avenyu nzima iko mtoni, watu wanagombania mitumbwi, wengine wameingia msituni na kile walichovaa.

Nyanya yetu, mama wa baba, tulimvusha na baba akambeba mgongoni. Mvua ikatunyeshea huko usiku kucha. Hakurudi. Tulimzika Alunguli, karibu na pale ninapolima sasa.

Bulaimu hakupigwa hata kofi. Ingekuwa nafuu angepigwa. Baba alisema tu, mbele yetu sote, kwamba kuanzia leo hakuna mutoto wa nyumba hii kukimbia mbele ya watu. Ukiwa na haraka, tembea. Wababa wengine wa avenyu wakasikia, wakaona ni neno la maana, wakaliweka kwao pia. Vita vikaisha, wababa wakafa mmoja mmoja, neno likabaki. "Hapana kimbia!" tunawaambia watoto ambao hata hawajui kwa nini. Na ndugu yako Bulaimu mpaka leo hakimbii. Mvua ikimkuta sokoni anatembea nayo taratibu mpaka nyumbani, Mamy mke wake amenuna mlangoni na nguo kavu mkononi. Watu wanamcheka. Mimi sicheki.

Basi aliyeanza haya mambo ni Mama Onema, mama wa huyo mutoto anayehema. Unamjua mdomo wake. Alikuja kwangu kuomba moto, akamwona Zawadi ukutani, akaniuliza, nikamweleza aliyosema munganga. Akakaa chini, moto akausahau. Akasema, "Kumbe wangu pia anaumwa ugonjwa huo, tofauti wangu anakula." Akasema tuwatoe wote kwa pamoja, watoto wote wa avenyu, kila alasiri wakimbie kutoka kwa shefu wa avenyu mpaka sokoni na kurudi, na sisi wamama tukimbie nao kwa zamu, ili pasiwe na mutoto wa kusema yeye peke yake njo anateswa. Nikamwambia mimi magoti yangu yameshastaafu. Akasema basi utasimama.

Alizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walimfukuza, akarudi. Mwisho tukakubaliana.

Sasa siku ya kwanza. Ee Mungu wangu. Nataka uisikie kutoka kwangu, si kutoka kwa huyo rafiki yako aliyekupigia simu akikuambia Kindu imeingiliwa.

Watoto walitoka wamejaa barabara, wanapiga kelele kama kuku waliofunguliwa, Mama Onema mbele na filimbi mdomoni, filimbi kweli, ya refa, sijui aliitoa wapi. Wakashuka kuelekea sokoni. Na wewe unajua tuko kwenye mwaka gani. Kila siku redio inataja mji mwingine, kila siku wageni wanafika kutoka njia ya Punia na ile ya Pangi na magodoro kichwani. Muuza sombe akaona watoto wanakuja mbio, akasikia filimbi. Hakuuliza. Aliacha majani yake ya mihogo chini, akamnyakua mutoto wake, akaondoka. Wauza samaki nyuma yake. Mtu akalia, "Wamefika!" Nani wamefika, hakuna aliyetaka kujua. Soko likamwagika lote.

Papa Henri, fundi wa cherehani, alisimama mguu umenaswa kwenye kitambaa cha mteja, akaanguka mtaroni, mkono ukavunjika. Kuna waliofika mtoni, kuna waliovuka. Na wale watoto, walipoona watu wazima wanakimbia, waligeuka wakakimbia kweli sasa, wanalia.

Na mimi? Haya, cheka. Mimi niliyekuwa nimesimama kwenye kona, niliyejua vizuri ni watoto, niliyewapanga mstari kwa mikono yangu hii, nilipoona soko linakuja upande wangu nikasema moyoni labda safari hii ni kweli. Nikaingia ndani nikachukua sufuria na blanketi. Nilikuwa nimeshafika uani nilipokumbuka kwamba mutoto wako hayuko mkononi mwangu.

Alikuwa uvunguni. Nikalala chini kwenye saruji, shavu sakafuni, maana ndiyo njia pekee ya kumwona uso. Nikamwambia hakuna kitu, ni michezo tu, watu wamekosea. Akaniangalia. Akasema, "Shangazi, hata huku?"

Tulilala hivyo hivyo, yeye uvunguni na mimi sakafuni, tukishikana vidole, mpaka Bulaimu alipoingia akatembea polepole mpaka tulipo akasema watu wameanza kurudi sokoni na wanatukanana.

Kesho yake shefu akapiga marufuku. Na jioni yake ukapiga simu wewe. Ulipiga kelele mpaka Mamy akasikia nje. Ulisema mutoto asivuke mlango, ulisema sisi wanawake wa Mikelenge hatuna akili, ulisema utamtuma mtu aje amchukue. Nilikunyamazia. Si kwamba huna haki. Wewe ni baba, uko mbali, na mtu wa mbali anaogopa mara mbili. Lakini Zawadi alikuwa hapo karibu yangu, alisikia kila neno. Ulipokata simu alirudi ukutani chini ya dirisha bila kuambiwa.

Nilikutii. Nataka ujue kwamba nilikutii. Siku zikapita, nikawa namwekea sahani ukutani, naitoa ukutani. Niliona miguu yake inavyozidi kuwa kama mipini ya majembe. Nilichoka, ndugu yangu. Nilichoka namna ambayo kulala hakusaidii. Kuna asubuhi niliyomwangalia nikasema basi, labda mutoto wa vita ndivyo alivyo, amekuja duniani kukaa.

Mama Onema yeye hachoki, sijui aliumbwa na nini. Kila siku alikwenda uani kwa shefu akakaa kwenye kiti. Hakusema kitu, anachambua mchele wake tu. Shefu akitoka anamkuta, akirudi anamkuta. Mwisho shefu akaita mkutano, nadhani ili apate kiti chake.

Mkutano wenyewe ulikuwa ugomvi. Papa Henri na mkono wake kwenye kitambaa alisema watoto wakimbilie uani kwao, pamoja na hao wamama wao wapiga filimbi. Mwingine akasema tatizo si mbio, tatizo watu hawakujua ni watoto. Basi watangulizwe na kitu cha kutambulisha. Filimbi? Wapi, filimbi ni ya askari. Ngoma? Ngoma saa hizo watu watauliza nani amefariki. Mtu akasema tugonge masufuria, na wamama wote tuliokuwapo miaka ile tukaruka: masufuria tuligonga zamani nyumba kwa nyumba kujulishana waporaji wanakuja, nani hakumbuki? Kengele, kanisa. Spika, msikiti. Tulikaa pale tumeishiwa. Kila chenye sauti katika mji huu kilishatumika kwa jambo baya, ama kina mwenyewe.

Ikabaki midomo yetu. Tukapatana hivi: kila baada ya nyumba chache asimame mtu mlangoni, na watoto wakimkaribia apaze sauti mbele yao, "Njo watoto! Njo watoto!" kwamba ni watoto tu, si wengine. Wa mbele akisikia naye amwambie wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka sokoni, ili habari ifike kabla ya miguu. Hata wasio na watoto wasimame. Hata mimi mwenye magoti.

Ndipo mzee mmoja akauliza, bila ubaya, "Na siku wakifika kweli, tutaitaje?" Nilisikia mbuzi wa shefu anatafuna. Mama Onema akajibu kwa sauti ndogo, na yeye sauti ndogo hana: "Usiite mpaka uwe umewaona kwa macho yako. Ukiwaona watoto, ita. Usipowaona, nyamaza. Ukimya njo utatuambia." Shefu akasema haya, jaribuni.

Tukajaribu. Siku ya kwanza watu walikaa nusu wamesimama, mkono kwenye mzigo, lakini hawakukimbia. Muuza sombe alikusanya mafungu yake yote kapuni, akatuangalia, akayapanga tena. Papa Henri alikataa kuita, amekasirika, na ana haki yake. Ila mteja akishtuka anamwambia, "Kaa," basi.

Sasa kuna wamama wanaokimbia na viatu mkononi, huku wanatukanana kwa kicheko, matiti yanaruka, vijana wanawacheka, nao hawajali. Onema amepunguza kuhema. Na nyuma kabisa, nyuma ya wote, anatembea Bulaimu. Ndiyo, ndugu yako. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyemwita. Anaokota ndala zilizoachwa na kuwashika mkono wale wadogo walioshindwa. Hakimbii. Anatembea nyuma ya mbio, siku zote.

Zawadi nilimwacha ndani kama ulivyoamuru. Mimi nikasimama kwenye kona yangu, naita. Siku moja naita, nikasikia kasauti nyuma yangu kanaita pia. Nikageuka. Mutoto wako amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili, anasema, "Njo watoto," kama mtu anayejaribu chakula kwa ncha ya ulimi. Nilitazama mbele haraka asione uso wangu.

Kesho yake tena. Siku iliyofuata akatoka hatua kidogo. Kisha Bulaimu akapita nyuma ya wenzake kama kawaida, akamnyooshea mkono bila kusema kitu wala kusimama, na Zawadi akaushika. Wakaenda. Niliona mgongo wake mdogo unashuka kilima na ule mgongo mpana. Mlango wako ukavukwa, Soudi. Nilikuwapo, ningeweza kusema rudi. Sikusema.

Walitembea hivyo siku nyingi, wa mwisho kila mara. Nikasema inatosha, sitaomba zaidi, mutoto anatembea.

Juzi Ijumaa walikuwa wanarudi kutoka sokoni. Kulikuwa na kasichana fulani, sitakataja, kana mdomo, kakageuka kakamwambia Zawadi kwamba anatembea kama nyanya. Nilikuwa naona kutoka kwenye kona yangu. Mutoto wako alisimama. Akavua ndala, akampa Bulaimu. Kisha akamkimbilia yule msichana kama mwenye deni naye. Alikimbia vibaya, Soudi, miguu inakwenda huku na huku, mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nikasahau kuita. Mtu wa mlango wa mbele akasahau pia. Yule fundi mwenye hasira njo aliyelia, "Watoto, jamani, ni watoto!"

Akaanguka. Ataachaje kuanguka? Goti likachubuka, akajaa vumbi mpaka meno. Akakaa barabarani, akafungua mdomo, akalia. Lakini kulia gani! Kulia kwa hasira, kwa sauti yote, anapiga mchanga kwa mikono, anasema amesukumwa, anataka yule apigwe, anataka mimi nimpige sasa hivi. Watu wote walitoka kuangalia. Tangu mwezi wa nne sijamsikia akilia. Hata alipokuwa na malaria hakulia. Nilimfikia, sijui magoti yalinifikishaje, nikamkumbatia na vumbi lake, na mimi nikalia pale pale mbele ya watu. Bulaimu alikuwa amesimama na zile ndala mkononi. Aliniambia tu, "Ameniacha." Akaangalia upande mwingine.

Usiku ule alikula akaomba tena. Nilipokuwa nampaka mafuta ya mawese kwenye goti aliniuliza, "Baba amesema nini?" Maana hajasahau kelele zako. Soudi, niliangalia lile goti. Nikamwambia baba amesema ukimbie. Nikamwambia baba amefurahi.

Basi ndivyo ilivyo. Nimekuvunjia amri, na juu yake nimekusingizia. Kama unataka kunikasirikia, nikasirikie huko huko, nimechoka, hasira yako haitaniongezea kitu. Yule mtu wako usimtume. Sikuahidi kwamba mji utabaki kimya. Hakuna anayejua, na wewe pia Lubumbashi hujui. Tukilazimika kukimbia tutakimbia, na yeye sasa angalau ana miguu. Ninachokuomba ni kimoja. Nilichomwambia mutoto kwa jina lako, ukifanye kiwe kweli. Mwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako: kimbia. Usiulize maswali, usimhubirie. Neno moja tu.

Nisalimie Victorine sana, umwambie goti la binti yake ni dogo, limeshakauka. Msalimie Alain, mdogo wa Zawadi, na kale kadogo ka-Neema umbusu mashavu yote mawili. Huku wanakusalimu Bulaimu na Mamy, na Mama Onema, ambaye anasema akikushika atakuonyesha akili za wanawake wa Mikelenge. Papa Henri hakusalimu mtu.

Mola akulinde na mgongo wako, awape nyumba yenye amani na chakula cha kugawana, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana kwa sura.

Na usipige tena simu saa kumi na moja za jioni. Hautamupata. Atakuwa nje.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimechoka nawe,

Mwanvua